Dirisha Lililohamia Ghorofani

Karatasi ya kukiri kosa ilikuwa imeshachapwa, imeshasahihishwa nukta na mikato, imeshawekwa ndani ya jalada jipya linalonukia gundi. Kilichobaki ni sahihi ya mkosaji tu. Mkuu wa kituo aliisukuma juu ya meza kwa ncha ya kidole, kama mtu anayesogeza sahani ya makombo.

"Saa nane mchana anapelekwa mahakamani," alisema. "Akitia sahihi kabla, nitamwombea. Asipotia, shauri yake."

Inspekta Kibano alitazama saa ya ukutani. Saa nne na robo. Jina la Kibano hakupewa na mama yake. Alipewa na wenzake wa idara ya ukaguzi, kwa sababu akishika kitu haachii mpaka kitoe maji. Makao makuu yalimtuma asubuhi ile aje athibitishe kosa la karani wa stoo ya vielelezo. Waliandika hivyo hivyo kwenye barua: athibitishe. Hakuna aliyeandika achunguze.

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Mwalimu mmoja aligongwa na lori akafa, lori likakimbia. Barabarani kiliokotwa kipande cha plastiki cha taa, kina rangi nyekundu iliyokwaruzwa pembeni. Kikatiwa mfukoni, kikapewa namba 4417, kikawekwa stoo kisubiri kesi ya Jumatatu ijayo. Jumatano iliyopita kilitiwa kwenye tanuru pamoja na takataka za kesi zilizokwisha. Bila kipande kile, mwenye malori angetoka mahakamani akipiga mluzi.

"Kompyuta ilimwonya," Mkuu aliendelea. "Ikamwuliza, hiki kina kesi, kiteketezwe? Akajibu Ndiyo. Unataka ushahidi gani tena, dada? Yule mama kazaliwa na karatasi, atazikwa na karatasi. Kumpa kompyuta ni sawa na kumnunulia mbuzi redio."

Alicheka mwenyewe, maana hakukuwa na mwingine wa kumsaidia. Mezani kwake kulikuwa na skrini mbili pana, moja kulia kwa ajili ya kazi, nyingine kushoto kwa ajili ya mpira. Asubuhi hiyo zote mbili zilikuwa na mpira.

"Wewe unautumia huo mfumo wa stoo?" Kibano aliuliza.

"Mimi?" Mkuu alijitazama nyota za begani, kama anayehakikisha bado zipo. "Ile ni kazi ya makarani. Sijawahi hata kuufungua. Na ukishuka huko, muulize simu mpya kaipata wapi."

Kibano aliliandika hilo kwenye daftari lake, akapigia mstari sentensi moja tu. Haikuwa ile ya simu.

Katika chumba cha mitambo alimkuta fundi wa mfumo, kijana aliyejipachika jina la Profesa, na kwa bahati mbaya watu wakalikubali. Ndiye aliyeutengeneza mfumo wa vielelezo kuanzia mwanzo hadi mwisho, na aliongea kama aliyetengeneza na vielelezo vyenyewe.

"Kila kitu kinajiandika, afande. Angalia." Alimpa karatasi iliyotoka kwenye printa. "Jumatano, saa tano, dakika kumi na mbili, sekunde ya saba: onyo limefunguka, kielelezo 4417. Sekunde ya kumi: jibu, Ndiyo. Mtumiaji, stoo. Kompyuta haina shangazi wala mjomba, haidanganyi."

"Sekunde tatu."

"Ndiyo, tatu."

"Onyo lina maneno mangapi?"

Profesa alihesabu kwa midomo. "Kama kumi na matano hivi. Nimeliweka rangi nyekundu, herufi kubwa. Dirisha dogo, linaruka katikati ya skrini, linakamata kila kitu. Mpaka ulijibu, dirisha kubwa la nyuma halikubali kuguswa. Sasa mtu asipoona hilo, ataona nini? Pale chini, afande, wanaamini kompyuta ikizimwa inalala usingizi."

"Siku hiyo maonyo yalikuwa mangapi?"

"Matatu. Na yote kajibu Ndiyo. Yote ndani ya sekunde tatu, nne."

"Na siku nyingine?"

"Mkuu aliniambia nitoe ya Jumatano tu. Ndiyo ilikuwa inatosha."

"Ikamtosha nani?" Kibano aliuliza, lakini alikuwa ameshafika mlangoni.

Stoo ilikuwa chini ya ngazi, chumba kirefu kisicho na dirisha la ukutani, rafu za chuma pande zote, na harufu ya nguo za watu waliokwisha kugombana. Karani wake waliyemwita Mama Lebo alikuwa amekaa nyuma ya kaunta, miwani kwenye kamba, mikono juu ya magoti. Miaka thelathini kazini. Imebaki miezi minane astaafu. Kando ya mlango alisimama konstebo wa kumlinda, kana kwamba angeruka ukuta.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Kama na wewe umekuja kunicheka, kiti kile hapo. Kinalegea mguu, wengine wote kimewavumilia."

Kibano alikaa. Kiti kililegea kweli. "Simu yako mpya iko wapi, mama?"

Mama Lebo alitoa simu kwenye mfuko wa sweta. Kioo kilikuwa na ufa kutoka kona hadi kona, na karatasi ya plastiki ya dukani bado imebandikwa juu ya ufa, imegeuka rangi ya chai.

"Binti yangu alininunulia mwaka juzi. Huo ndio upya wake. Plastiki sijabandua, naitunza."

Basi njia ya simu ikafia hapo hapo, haikuhitaji hata mazishi.

"Nieleze Jumatano. Taratibu. Usiniambie ulivyojisikia, niambie mikono ilifanya nini."

Mama Lebo alimtazama mara ya pili, safari hii vizuri. Hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo tangu Alhamisi. Akanyanyua kifaa cha kusomea lebo, kile chenye umbo la bastola kinachotoa mwanga mwekundu. Pale kituoni walikiita bunduki.

"Orodha ya kuteketeza inatoka juu, kwa Mkuu, imetiwa sahihi. Mimi natoa mifuko rafuni kwa kuifuata, napanga hapa. Halafu nafyatua bunduki kwenye lebo, namba inaingia kwenye kompyuta yenyewe, natupa mfuko kapuni. Nafyatua, natupa. Jumatano ilikuwa mifuko mia mbili na kumi na mbili."

"Na 4417 haikukushtua? Lori lile liliandikwa magazetini."

"Lebo ina namba tu, mwanangu. Mfuko umefungwa kwa lakiri. Anayejua namba ipi ina kesi ni kompyuta. Si ndiyo sababu ililetwa? Zamani nilikuwa na daftari la kesi, wakalichukua, wakasema mfumo utaniambia." Aliinyoshea skrini kidole. "Na huko nyuma uliniambia. Dirisha jekundu linatokea hapo katikati, nasoma, najibu Hapana, naurudisha mfuko rafuni. Jumatano halikutokea hata mara moja. Naapa kwa kaburi la mume wangu. Nikiwaambia, wanasema mama, macho."

"Macho yakoje?"

Mama Lebo aliinua kidevu kuelekea ukuta wa mbali. "Konstebo, kifungo cha pili cha shati lako kimeshonwa kwa uzi wa buluu."

Konstebo alijiangalia, akafunga koti.

"Nionyeshe," Kibano alisema. "Leta mfuko wowote wenye kesi inayoendelea, ufyatue kama unauteketeza."

"Ah, hapana. Wanipeleke mahakamani mara mbili?"

"Nimeamuru mimi. Konstebo, wewe ni shahidi. Hakuna kitakachotoka chumbani humu."

Mama Lebo alileta mfuko wenye rundo la funguo, na mifuko mingine mitano ya kesi zilizokwisha. Akafungua ukurasa wa kuteketeza, akavaa miwani. Akafyatua wa kwanza: namba ikaingia, mfuko kapuni. Wa pili vilevile. Wa tatu ulikuwa ule wa funguo. Kompyuta ikalia, *ting*.

Wote watatu waliikodolea macho skrini. Ilikuwa vilevile, hakuna dirisha, hakuna wekundu wowote.

"Hiyo sauti ni ya nini?"

"Hulia tu. Tangu Jumatano hulia hovyo. Nikadhani ni spika."

"Endelea. Fanya ulivyofanya Jumatano."

Mama Lebo alishika kipanya, akabonyeza juu ya ukurasa. *Ting.* Akabonyeza tena pengine. *Ting.* "Unaona? Linagoma. Dirisha kubwa linagoma kabisa, kama punda. Hapo mimi nafyatua mfuko unaofuata, linaamka." Akafyatua wa nne, mwanga mwekundu ukapita kwenye lebo. Hakuna namba iliyoingia. "Sasa limeamka, lakini huo limeumeza. Inabidi nifyatue mara ya pili." Akafyatua tena. Namba ikaingia, tena bila ubishi.

Kibano alikuwa ameacha kutikisika kwenye kiti. "Ulikuwa unajuaje kwamba limeumeza? Mifuko mia mbili."

"Nahesabu." Mama Lebo alivuta droo, akatoa daftari la shule lenye jalada lililochanika. Ndani mlijaa vijiti vya kalamu, vitano vitano, vimefungwa kwa mstari. "Kila mfuko kijiti. Ukinilazimu kufyatua mara mbili, chini ya kijiti naweka nukta. Waliponicheka kwa daftari hili nilisema sawa, cheka, lakini siwezi kutupa kitu bila kukihesabu."

Kibano alilipokea daftari kama anayepokea mtoto. Jumatano: vijiti mia mbili na kumi na mbili, nukta tatu. Akafungua karatasi ya Profesa, ile ambayo Profesa mwenyewe aliiamini kupita kiasi. Maonyo matatu: mfuko wa sitini, mfuko wa mia na kumi na nane, mfuko wa mia na tisini na moja. Akaweka kidole kwenye daftari, akahesabu kwa sauti ya chini. Nukta ya kwanza ilikuwa chini ya kijiti cha sitini na moja. Ya pili, mia na kumi na tisa. Ya tatu, mia na tisini na mbili.

Kila mara mfuko uliofuata onyo, si mwingine.

"Konstebo, mlete Profesa. Mwambie aje kwa miguu yake, asije kwa maneno."

Profesa alishuka akiwa na bilauri ya chai. Kibano hakumpa nafasi ya kuiweka.

"Bunduki hii ikisoma lebo, inaandika namba. Halafu inafanya nini?"

"Inabonyeza Enta yenyewe, afande, ili karani asihangaike na kibodi."

"Na kwenye onyo lako, mtu akibonyeza Enta bila kuchagua jibu, inakuwa jibu gani?"

Profesa alimeza chai ambayo haikuwa mdomoni. "Ndiyo. Niliweka Ndiyo mwanzo kwa sababu... ndivyo lilivyokuja. Lakini si wanaliona? Linakaa mbele."

"Mbele ya nani? Limefunguka sasa hivi mbele ya macho ya watu watatu, na hatukuliona. Limelia, likakamata kibodi, likagomesha ukurasa, likangoja. Mama akafyatua mfuko uliofuata, namba ikapotelea ndani yake, na Enta ya bunduki ikajibu Ndiyo. Bunduki ndiyo iliyojibu, Profesa. Huyu mama hajajibu kitu. Sasa niambie lilikuwa limekaa wapi."

Profesa alifungua mipangilio ya ndani ya mfumo wake pale pale kwenye kaunta, vidole vikienda mbio, masikio yakiwa mekundu. Ikachukua dakika moja.

"Liko kushoto," alisema kwa sauti ndogo. "Nje ya skrini. Kushoto kabisa."

"Limefikaje?"

"Linakumbuka mahali lilipofungwa mara ya mwisho. Mtu akiliburuta, kesho linafungukia pale pale."

"Linamkumbukia kila mtu pake?"

Chai ilikuwa imepoa na Profesa naye. "Linawakumbukia wote mahali pamoja. Nilikuwa narahisisha."

"Ulimrahisishia nani, sijui, ila si huyu aliyekaa hapa na askari mlangoni. Humu stoo kuna skrini moja. Mtu hawezi kuliburuta nje ya skrini moja na bado akalifunga. Ni nani kituo hiki kizima mwenye skrini ya pili, upande wa kushoto?"

Mama Lebo alivua miwani, akaifuta kwa sweta, akaivaa tena.

"Nilimtajia," Profesa alisema mwishowe, kwa sakafu. "Mwezi wa nne, tukipiga soga. Nilimwambia Mkuu, kwa utani tu, ukilisogeza hili kwenye skrini yako ya mpira, wa chini watafanya kazi vipofu, bunduki iwajibie. Tulicheka sana."

"Naamini," alisema Kibano. "Konstebo, twende ghorofani tukaazime kitu."

Saa sita na nusu Mkuu wa kituo alishuka ngazi za stoo kwa mara ya kwanza tangu ahamishiwe pale, kwa sababu skrini yake ya mpira ilikuwa imetangulia mikononi mwa konstebo. Alishuka akifoka kuhusu itifaki. Kibano alikuwa nyuma ya skrini, akimsaidia Profesa kuchomeka nyaya, na kwa hiyo ndiye wa kwanza kuuona mgongo wa skrini. Palikuwa na kibandiko cha duara, chenye picha ya lori jekundu na maneno ya shukrani kwa ushirikiano. Alikisoma mara mbili, akamwachia Profesa waya.

Skrini iliwekwa kushoto kwa ile ya Mama Lebo. Profesa akaunganisha, akairudisha namba ya funguo kwenye orodha ya vilivyomo rafuni.

"Fyatua funguo, mama," Kibano alisema.

Bunduki ikamulika. *Ting.* Na kwenye skrini ya kushoto, katikati, pana kama mlango wa choo cha stendi, likachomoza dirisha jekundu: KIELELEZO HIKI KINA KESI INAYOENDELEA MAHAKAMANI. KIKITEKETEZWA HAKIWEZI KURUDISHWA. UNA UHAKIKA KWAMBA UNATAKA KITEKETEZWE SASA? Chini yake vitufe viwili, na kile cha Ndiyo kimezungushiwa kivuli, kimekaa tayari.

Mama Lebo aliweka mkono mdomoni. "Kumbe lilikuwepo."

Mkuu alitoa pumzi ya dharau kupitia puani. "Hilo tu? Hilo ndilo mmenibebea skrini? Nalijua sana hilo. Lilikuwa linanifunika mpira, nikalisukuma pembeni. Ni kosa kusukuma dirisha?"

Kibano alifungua daftari lake kwenye sentensi aliyokuwa ameipigia mstari.

"Saa nne na robo uliniambia hujawahi hata kuufungua mfumo huu."

"Kuufungua kwa kazi. Niliuchungulia siku moja."

"Profesa, onyo hili hufunguka lini? Mtu akichungulia tu, linafunguka?"

"Hapana, afande." Profesa alikuwa ameanza kuona pale linapoelekea, na akasogea hatua moja mbali na Mkuu. "Linafunguka mtu anapoamuru kielelezo chenye kesi kiteketezwe. Vinginevyo halitoki."

"Basi nisomee Jumanne. Ile siku uliyoambiwa haihitajiki."

Profesa alitafuta. Alisoma bila mbwembwe, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. "Jumanne, saa tisa na dakika kumi alasiri. Onyo limefunguka, kielelezo 4417. Dirisha limehamishwa, kushoto. Jibu: Hapana. Mtumiaji, Mkuu."

"Hapana," Kibano alirudia. "Jibu zuri. Ndiyo ingebaki na jina lako. Kwa hiyo ukalisogeza dirisha mahali ambapo huyu mama hatalifikia, ukajibu Hapana, na asubuhi ukatia sahihi orodha yenye 4417, na mbili nyingine za kuisindikiza. Ulijua bunduki itakujibia, na jina litakuwa la mbuzi mwenye redio."

"Wewe dada, unajua unaongea na nani?"

"Najua pia aliyekupa skrini. Amebandika picha nyuma." Kibano aliigeuza skrini nusu, lori jekundu likawatazama wote. "Nilikuja nikidhani nitakutana na mjinga mmoja stoo. Nimempata mjinga mmoja chumba cha mitambo, na huyu angalau anaona aibu. Wewe nilitegemea mwizi mwenye akili, umeniletea mtu aliyeficha kosa kwenye televisheni yake mwenyewe. Konstebo, funga mlango. Afande akae. Kile kiti pale."

Mkuu alikaa. Kiti kililegea mguu, akashika kaunta ili asianguke, na hakuna aliyenyoosha mkono.

Kibano alitoa ile karatasi ya kukiri kwenye jalada linalonukia gundi, akaisoma tena juu hadi chini. "Imeandikwa vizuri, haina kosa la nukta. Tutabadilisha jina tu na cheo, na saa nane gari ni lile lile." Akamgeukia karani. "Mama, skrini hii imekuwa kielelezo. Ipokee."

Mama Lebo alisimama. Akajibu Hapana kwenye onyo la funguo, akavuta lebo mpya kwenye roli, akaibandika juu ya lori jekundu, akailainisha kwa kidole gumba mpaka pembe zote nne zikalala. Akafungua ukurasa wa kupokea, akaandika jina la kesi, akafyatua bunduki, akairudisha skrini uso mbele. *Ting.* Dirisha dogo likatokea kushoto, mbele ya wote. Bunduki akaiweka chini, mbali na mkono wake. Akarekebisha miwani, akalisoma kwa sauti, neno kwa neno, bila haraka, uso wake ukiwa kwa mtu aliyekaa kwenye kiti kibovu:

"Kielelezo kipya. Kesi, mauaji ya mwalimu. Kihifadhiwe?"

Akabonyeza Ndiyo kwa kidole chake mwenyewe, kisha akavuta daftari, akaweka kijiti kimoja, bila nukta.